Maswali Manne ya Seva ya Barua: Kuunganisha Barua Pepe na Saraka ya Ofisi

Chukua ofisi ya uwakala wa forodha pale Moi Avenue, Mombasa, watu arubaini hivi, na tawi dogo Changamwe. Kijana wa kuandaa hati anaacha kazi Ijumaa, na Jumatatu yuko kwa washindani ng'ambo ya barabara. Akaunti yake ya kompyuta imefungwa siku ile ile. Miezi miwili baadaye simu yake bado inapokea manifesti, ankara na barua za wateja kila meli inapoingia Kilindini. Hajadukua chochote. Kompyuta za ofisi zina orodha yao ya watumiaji, seva ya barua pepe ina yake, na aliyeifunga ya kwanza hakukumbuka kwamba kuna ya pili.

Dawa inajulikana: orodha iwe moja, ikae kwenye huduma ya saraka, na kila mfumo uiulize saraka badala ya kujiwekea daftari lake. Saraka nyingi huongea kwa itifaki ya LDAP. Asili yake ni viwango vya X.500 vya mwaka 1988, ambavyo vilikuwa vizito mno kwa kompyuta za mezani za wakati ule. Ndipo Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wakabuni njia nyepesi, na toleo la tatu, linalotumika mpaka leo, likatangazwa 1997. Programu ya saraka ya OpenLDAP huongea lugha hiyo, na Active Directory, saraka ya Microsoft iliyokuja na Windows 2000, vilevile. Historia inatosha.

Matatizo huanza fundi anapodhani kwamba LDAP ni swichi: unaiwasha, kazi imekwisha. Anaandika anwani ya saraka, anajaribu kuingia, anakataliwa, anabadilisha mistari mitano kwa mpigo, anaingia, kisha anagundua barua mpya hazifiki. Anarudi kubadilisha, barua zinafika, sasa hawezi kutuma. Kinachomzungusha ni kwamba seva ya barua haiulizi saraka swali moja. Huuliza manne, kwa nyakati tofauti, na wanaouliza ni programu mbili. Hapa nitatumia Postfix, inayopokea na kusafirisha barua, na Dovecot, inayozihifadhi na kumfungulia msomaji, kwa sababu ndizo jozi utakayoikuta kwenye seva nyingi za Linux. Mwenye programu nyingine atayakuta maswali yale yale chini ya majina mengine.

Je, mtu huyu yupo?

Swali la kwanza huulizwa bila mtumiaji yeyote kuwapo. Seva ya mteja wa Dubai inagonga poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua, ikisema ina barua ya mhasibu@mfano.test. Postfix inataka kujua jambo moja tu: anwani hii ni yetu? Hakuna neno la siri hapa, kwa hiyo kila unachosoma kuhusu uthibitishaji hakihusiki. Faili la mipangilio ya swali hili ni fupi:

version = 3
server_host = ldaps://saraka.mfano.test
bind_dn = cn=msomaji-barua,ou=huduma,dc=mfano,dc=test
bind_pw = (neno la siri la akaunti hiyo)
search_base = ou=watu,dc=mfano,dc=test
domain = mfano.test
query_filter = (&(objectClass=person)(mail=%s))
result_attribute = mail

Faili hilo hutajwa kwenye mpangilio wa Postfix uitwao virtual_mailbox_maps. Mstari wa query_filter ndio kichujio, yaani sharti la kumtafuta mtu. Msomaji-barua ni akaunti ya huduma, si ya binadamu. Mpe ruhusa ya kusoma tu, tena asome sifa (taarifa za mtu, kama mail) anazohitaji na si zaidi. Nimeona ofisi ambazo akaunti ya msimamizi mkuu wa saraka imeandikwa hapa waziwazi, ndani ya faili ambalo kila mtu kwenye seva anaweza kulisoma. Anayelipata faili hilo amepata ofisi nzima.

Jambo la kuzingatia ni majibu. Saraka ikisema hamna mtu kama huyo, Postfix hujibu kwa namba inayoanza na 5, na aliyetuma hurudishiwa barua yake papo hapo. Saraka isipopatikana kabisa, jibu huanza na 4, yaani rudi baadaye, na seva ya mtumaji huweka barua kwenye foleni. Postfix yenyewe, isipobadilishwa, hushikilia barua kwenye foleni kwa siku 5. Kwa hiyo saraka kuzimika usiku mmoja hakupotezi barua zinazoingia. Kinachopoteza ni kichujio kibaya: saraka iko hai, inajibu kwa heshima kwamba mhasibu hayupo, na mteja anarudishiwa hati zake zikiwa na muhuri wa kukataliwa.

Je, ndiye yeye?

Hili ndilo swali ambalo watu hulifikiria wanaposema uthibitishaji, na lina mambo mengi kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Mhasibu anafungua barua kwenye simu. Simu inaungana na Dovecot kupitia poti 993 na kutoa anwani na neno la siri. Dovecot ina njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba saraka hashi ya neno la siri la mhasibu, yaani neno hilo likiwa limevurugwa lisisomeke, kisha kulinganisha yenyewe. Ya pili ni kuchukua alichoandika mhasibu na kwenda nacho kwenye saraka kana kwamba ni mhasibu mwenyewe anayejitambulisha. Saraka ikikubali, ndiye. Kitendo hicho cha kujitambulisha mbele ya saraka ndicho mafundi wanachokiita baindi. Njia ya kwanza ni sawa na mlinzi kuomba nakala ya funguo za kila mpangaji ili alinganishe meno. Ya pili, mpangaji anapelekwa mlangoni ajaribu ufunguo wake.

Mimi sioni sababu ya kuchagua ya kwanza leo, labda kwa saraka ndogo ya OpenLDAP yenye mzigo mkubwa wa watu wanaoingia. Kwa njia ya baindi hashi haitoki kwenye saraka, na sheria za saraka zinafuatwa zenyewe: akaunti iliyofungwa inakataliwa, neno la siri lililokwisha muda linakataliwa, aliyekosea mara nyingi anazuiwa. Mwenye Active Directory hana hata la kuchagua, maana saraka hiyo haitoi maneno ya siri kwa yeyote anayeyaomba kupitia LDAP, hata akiwa msimamizi.

Gharama ipo. Ili Dovecot iweze kulipeleka neno la siri kwenye saraka, lazima ilipate lilivyo. Mbinu kama CRAM-MD5, ambazo simu hutuma jibu la fumbo badala ya neno lenyewe, hazifanyi kazi na baindi. Maana yake usimbaji fiche unahitajika mara mbili: kati ya simu na Dovecot, na kati ya Dovecot na saraka. Watu hukumbuka wa kwanza. Wa pili huachwa, eti seva zote ziko chumba kimoja, na neno la siri la kila mfanyakazi linapita wazi kwenye poti 389 kila simu inapoangalia barua. Tumia ldaps, yaani LDAP iliyosimbwa tangu mwanzo, kwenye poti 636, au StartTLS, inayoanza kusimba baada ya kuungana, juu ya 389. Cheti cha saraka kikaguliwe kweli: jina lililo kwenye cheti lifanane na jina uliloliandika, kwa hiyo usiweke namba ya IP. Fundi aliyechoka huzima ukaguzi wa cheti ili aone kama ndio tatizo, akaona ndio, akaenda nyumbani. Ukaguzi hauwashwi tena.

Kuna kipengele kingine kinachowatoa watu jasho. Mhasibu ameandika mhasibu@mfano.test. Saraka haimjui kwa jina hilo; inamjua kwa jina lake kamili la kwenye mti, yaani mpangilio wa matawi ya saraka, mathalani uid=mhasibu,ou=changamwe,ou=watu,dc=mfano,dc=test. Huwezi kufanya baindi bila jina hilo kamili. Kwa hiyo Dovecot hupiga hatua mbili: kwanza msomaji-barua anatafuta nani ana anwani ile, anarudishiwa jina kamili, kisha baindi inafanywa kwa jina lile na neno la siri la mhasibu. Kwa Dovecot 2.3 inaandikwa hivi:

uris = ldaps://saraka.mfano.test
dn = cn=msomaji-barua,ou=huduma,dc=mfano,dc=test
dnpass = (neno la siri la akaunti hiyo)
auth_bind = yes
base = ou=watu,dc=mfano,dc=test
pass_filter = (&(objectClass=person)(mail=%u))
tls_require_cert = hard

Toleo la 2.4, lililotoka 2025, limebadilisha majina ya mipangilio mingi, kwa hiyo angalia toleo lako kabla ya kunakili mwongozo wa mtu.

Unaweza kuruka utafutaji kwa kuandika kiolezo, auth_bind_userdn = uid=%n,ou=watu,dc=mfano,dc=test, na Dovecot ikajaza jina yenyewe. Ni haraka zaidi, lakini kiolezo hudai watu wote wakae tawi moja la mti. Siku idara ya rasilimali watu itakapowagawa wa Changamwe na wa Moi Avenue, nusu ya ofisi itakataliwa asubuhi, na kosa litaonekana kama la neno la siri. Tafuta kwanza, kisha baindi. Ucheleweshaji wake hauonekani.

Mtego wa zamani kuliko yote ni neno la siri tupu. Kanuni za LDAP zinaruhusu mtu ataje jina kamili bila neno la siri, na saraka nyingine, Active Directory ikiwemo kwa mipangilio yake ya kawaida, hujibu kwamba imefaulu, ikimchukulia kama mgeni asiye na jina. Programu isiyojua hilo husoma "imefaulu" na kumfungulia mtu sanduku la mkurugenzi. Dovecot hukataa neno tupu yenyewe kabla ya kufika kwenye saraka. Hati ndogo alizoandika kijana wa attachment kwa ajili ya kubadilisha neno la siri kwenye tovuti ya ofisi huenda hazifanyi hivyo. Zikague.

Mtego wa pili unaonekana kila baada ya miezi mitatu. Mhasibu amelazimishwa kubadilisha neno la siri kwenye kompyuta. Simu yake, na ile tablet aliyomwachia mtoto nyumbani Bamburi, bado zina neno la zamani, na zinajaribu kila dakika chache. Saraka inahesabu makosa na kuifunga akaunti, na mhasibu sasa hawezi kuingia hata kwenye kompyuta aliyokalia. Anakuja juu: "Fundi, nimebadilisha vile mlivyoniambia, mbona mmenifungia?" Ana haki ya kuuliza. Hili halikuwapo orodha zilipokuwa mbili. Ni bei ya kuwa na moja. Kwenye Active Directory, kosa namba 49 likifuatana na data 775 ni akaunti iliyozuiwa namna hiyo, data 52e ni neno la siri lisilo sahihi, 532 ni lililokwisha muda, 533 ni akaunti iliyofungwa na msimamizi. Namba 49 peke yake haikuambii kitu, ila namba za nyuma yake ndizo zenye jibu, na zinapatikana kwenye logi, daftari la matukio ya seva.

Barua zake zikae wapi?

Dovecot ikishajua ndiye, inauliza sanduku lake liko wapi na linamilikiwa na nani kwenye diski. Hapa uwe mvivu. Kuna miongozo inayokutaka uongeze kwenye saraka namba ya mtumiaji, namba ya kikundi na njia ya folda kwa kila mfanyakazi, na kwa ofisi ya watu arubaini ni kujitafutia makosa ya chapa. Akaunti moja ya mfumo, vmail, imiliki masanduku yote, na njia itengenezwe kutokana na anwani: /var/vmail/%d/%n (%n ni kilicho kabla ya @, %d ni kilicho baada yake).

Angalia herufi kubwa tu. Saraka haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye sifa ya mail, kwa hiyo Mhasibu na mhasibu ni mtu mmoja kwake. Diski ya Linux inawaona wawili. Dovecot 2.3 hushusha herufi zote yenyewe kabla ya yote, lakini aliyeubadilisha mpangilio huo bila kujua atamkuta mtu ana masanduku mawili, moja tupu, na malalamiko kwamba barua zimepotea.

Anaruhusiwa kutuma kwa jina hilo?

Kwa kutuma, Postfix haiongei na saraka kuhusu maneno ya siri. Mtumiaji anapogonga poti 587 au 465, Postfix humpeleka kwa Dovecot (smtpd_sasl_type = dovecot, na smtpd_sasl_path = private/auth) na kusubiri ndiyo au hapana. Vizuri, kwa sababu kichujio kinakaa mahali pamoja. Tatizo ni kwamba Postfix ikishaambiwa ndiyo, kwa kawaida haijali mtumiaji ataandika jina la nani kwenye sehemu ya mtumaji. Mtu wa mapokezi aliyeibiwa neno la siri anaweza kutumiwa kuandika barua kwa jina la mkurugenzi, kutoka seva halisi ya ofisi, akimwambia mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kwa biashara ya mizigo, ambapo malipo hufuata barua pepe, hilo ndilo tundu la kuziba kabla ya mengine.

Swali la nne ndilo linaloziba tundu hilo: smtpd_sender_login_maps iielekeze Postfix kwenye saraka kuuliza nani ana haki ya kutumia anwani hii, kisha reject_sender_login_mismatch ikatae wengine. Anwani za pamoja kama uhasibu@ au bandari@ zinahitaji ziorodheshwe kwa watu wanaozitumia, na hapa ndipo utajua ni watu wangapi walikuwa wakitumia jina lisilo lao bila ubaya wowote. Waandae mapema, siku ya kwanza simu yako italia.

Kumtoa mtu, na mtandao unapokatika

Kwenye Active Directory akaunti ikifungwa, baindi inakataliwa. OpenLDAP haina swichi hiyo mpaka uongeze sera ya maneno ya siri, au uweke sifa yako na kuitaja kwenye kichujio. Lakini hata baindi ikikataliwa, mambo mawili hubaki. Simu iliyokwisha kuunganishwa haiulizwi tena. Uthibitishaji hufanyika wakati wa kuingia tu, na uzi uliofunguliwa asubuhi unaweza kuendelea kupokea barua mpaka ukatike. Amri ya doveadm kick huukata. La pili ni kumbukumbu ya muda ya Dovecot: ukiiwasha, neno la siri lililokubaliwa hukumbukwa, kwa kawaida kwa saa 1, bila saraka kuulizwa. Isafishe kwa doveadm auth cache flush. Na Postfix, kwa swali lake la kwanza, itaendelea kupokea barua za aliyeondoka maana bado yupo kwenye mti. Mara nyingi ndivyo unavyotaka, ili msimamizi wake azione. Amua mwenyewe, usiache kichujio kiamue.

Kumbukumbu hiyo ya muda ina faida yake kwa ofisi ambayo saraka yake iko makao makuu Nairobi, au kwa mtoa huduma nje ya nchi. Kebo za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, na bado Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini mtandao ulidorora Kenya nzima. Saraka ikiwa mbali, mtu aliyekaa mita kumi kutoka kwenye seva ya barua hawezi kusoma barua iliyomo ndani yake. Tiba ya kudumu ni nakala ya saraka inayosomeka humu humu ofisini, inayojisasisha kutoka ile kuu, na Dovecot na Postfix kupewa anwani zote mbili, ya karibu ikitangulia.

Kupima, na kuhama

Pima kila swali peke yake, kwa mpangilio wa safari yenyewe. Kwa ldapsearch, ukiwa msomaji-barua, hakikisha kichujio kinarudisha mtu mmoja na mmoja tu. Kwa ldapwhoami, ukitumia jina kamili la mhasibu na neno lake la siri, hakikisha baindi inakubali; ikikataa hapo, usiiguse Dovecot, tatizo liko kwenye saraka. Kisha doveadm auth test, halafu doveadm user kuona sanduku linaelekezwa wapi, mwisho postmap -q kwa upande wa Postfix. Ukiwasha logi za kina, zima kipengele kinachoandika maneno ya siri mara tu utakapomaliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai ulinde taarifa za watu, na faili lenye maneno ya siri ya ofisi nzima halina utetezi.

Usihamishe watu wote usiku mmoja. Dovecot inakubali vyanzo viwili vya maneno ya siri: saraka kwanza, na faili la zamani chini yake, hivyo unaweza kuanza na idara ya uhasibu kisha ukaendelea. Ila fahamu mpangilio huo unavyofanya kazi. Mtu akikataliwa na saraka, Dovecot haiishii hapo. Inashuka kwenye faili la zamani, na kama jina lake bado limo, neno lake la zamani linamfungulia mlango. Unaweza kuifunga akaunti kwenye saraka, ukaona kwenye logi kwamba saraka imemkataa, na mstari unaofuata ukaonyesha ameingia. Kwa hiyo kila unayemhamisha, futa mstari wake kwenye faili la zamani siku hiyo hiyo, kisha endesha doveadm auth test kwa neno lake la zamani uone likikataliwa.